Kiti cha Akida, Kigoda cha Mndewa

"Usiinue kichwa. Baba yuko barazani."

Hatibu hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti uani, anasuka kamba kwenye kiti kikubwa cha mpingo, na sauti ilitoka nyuma ya dirisha la mbao ambalo yeye mwenyewe alilitengeneza mwezi uliopita.

"Kama baba yuko barazani, mbona wewe uko dirishani?"

"Nimekuja kukagua kazi ya fundi."

"Fundi mwenyewe umemwonaje?"

"Mchafu. Ana vumbi la mbao mpaka kwenye kope."

"Na bado unamtazama."

"Bado namtazama."

Huyo dirishani ni Shamsia, binti pekee wa Akida Stambuli. Ulikuwa wakati wa Mdachi, mwaka ambao reli ilikuwa imefika Morogoro na kila mwenye kilemba alijiona mkubwa. Akida Stambuli alikuwa mkubwa kweli. Boma lilimtoa Bagamoyo likamleta Morogoro, likampa kazi ya kuamua kesi za watu na kuwatoa kwenda kulima barabara. Lakini uakida wenyewe haukumshibisha. Alichojivunia ni kwamba babu yake alikuwa diwani, mtawala wa mji wa pwani, na udiwani huo ni cheo cha kuzaliwa nacho, hakuna Mdachi anayeweza kukipa wala kukinyang'anya. Ndiyo maana aliagiza kiti cha enzi kama kile cha babu, chenye mgongo mrefu na pahala pa kuwekea miguu.

Na pahala hapo pa miguu, msomaji wangu, ndipo Shamsia alipokuwa anaficha barua. Siku ile Hatibu alipenyeza vidole chini ya ubao akatoa kikaratasi chenye herufi za Kiarabu, mwandiko mdogo wa mtu aliyehitimu chuo cha Kurani:

"Hatibu, keshokutwa kiti kitakwisha. Kiti kikiisha, hata wewe umekwisha humu ndani. Baba ana barua kutoka Bagamoyo, kuna binamu ananitaka. Njoo kama mtu anayeposa, usije tena kama fundi. Ukiogopa niambie, nijue moja."

Hatibu aliogopa. Lakini alikwenda.

"Shikamoo, Bwana Akida."

"Marahaba. Kiti tayari?"

"Tayari, bwana. Ila nina neno jingine."

"Sema."

"Nataka kuoa."

"Oa. Nimekushika mguu?"

"Nataka kumuoa Shamsia."

Akida aliweka kikombe cha kahawa chini. Alimtazama fundi kuanzia nywele mpaka nyayo, kisha akacheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyesikia mbuzi akisoma.

"Hatibu, wewe kijana mzuri, na mkono wako una baraka. Lakini babu yangu alikuwa diwani. Alivaa viatu vya mti, akatembea chini ya mwavuli, na siwa, baragumu la enzi, ilipigwa mbele yake. Baba yako alikuwa nani?"

"Mpagazi."

"Mpagazi wa kukodiwa au wa kumilikiwa?"

Hatibu angeweza kudanganya, baba yake alikwisha kufa zamani.

"Wa kumilikiwa. Mwenye msafara alimtupa Mikese anaumwa, akijua atakufa. Mama yangu ndiye aliyemuuguza."

"Basi umejijibu mwenyewe. Wewe ni mwana wa mtumwa, binti yangu ni mungwana. Sheria inataka mwanamke aolewe na kufu yake, wa kulingana naye. Nyinyi hamlingani."

"Bwana, huku kwetu milimani mtoto ni wa mama yake. Mama yangu ni dada wa Mndewa Kibwana, mkuu wa ukoo wetu. Mjomba akifa, kigoda chake cha ukoo nitakikalia mimi."

"Kigoda?" Akida aligeuka akakitazama kiti chake kipya kinavyong'aa. "Kina urefu gani?"

"Kifupi, bwana."

"Nilidhani hivyo."

Hapo mambo yangeishia, ila Akida hakuwa mjinga. Alijua kwamba milimani watu hawashuki kulima barabara ya boma mpaka wandewa wao waseme shukeni. Kumtukana mndewa ni kujitafutia lawama kwa Mdachi. Akasafisha koo.

"Mlete huyo mjomba. Ijumaa, baada ya sala. Nimsikie kwa masikio yangu."

Hatibu alipanda mlima kwenda Kinole, nusu anatembea nusu anakimbia. Mjomba wake, Mndewa Kibwana, alikuwa shambani anakata majani makavu ya migomba.

"Shikamoo, mjomba. Nimepata mchumba."

"Marahaba. Wa wapi?"

"Binti wa Akida Stambuli."

"Akida!" Mzee alitema mate pembeni. "Cheo cha kupewa hicho. Aliyempa asubuhi atamvua jioni. Lakini basi, baba hana neno. Mama wa binti ni nani?"

"Anaitwa Hidaya."

"Sikukuuliza anaitwa nani. Nimekuuliza ni wa nani. Ukoo gani? Lukolo gani?"

"Ni suria wa Akida, mjomba. Alitoka bara huko mbali, alichukuliwa akiwa mdogo. Sijui ukoo wake."

Mndewa aliuweka mundu chini.

"Basi haiwezekani."

"Mjomba, hata baba yangu hakuwa na ukoo!"

"Mwanamume asiye na ukoo, watoto wake wana ukoo wa mama yao. Wewe hukuwahi kukosa shamba. Lakini mwanamke asiye na ukoo, watoto wake watalima wapi? Wakifa watazikwa na nani? Utakuwa mndewa, Hatibu, utagawa ardhi kwa kila mtu, na watoto wako wa kuzaa utawatazama tu."

Umeona kazi hiyo? Mjini Hatibu ndiye hafai kwa sababu ya baba yake. Mlimani Shamsia ndiye hafai kwa sababu ya mama yake. Kila mzee anaona mwenzake ndiye anayebembeleza. Mapenzi yao yalikuwa yamekwama katikati ya mlima, hayapandi wala hayashuki.

"Twende tu Ijumaa, mjomba," Hatibu alisihi. "Umwulize mwenyewe. Usinikatalie kabla ya kumuona."

Mzee alimtazama mpwa wake muda mrefu. Alikuwa amemlea tangu anatambaa.

"Tutakwenda. Chukua kigoda."

Ijumaa ilifika. Akida alikaa barazani kwenye kiti chake cha enzi, kilemba kichwani, kanzu nyeupe hata inaumiza macho. Mndewa Kibwana aliingia na shuka yake ya kaniki, Hatibu akaweka kigoda chini, mzee akakaa. Nyuma yao aliingia mtu wa tatu ambaye hakuna aliyemwalika. Alikuwa Bi Yuliana, mama mnene wa kijiji cha misheni, rozari shingoni na kikapu cha kabichi kichwani. Kina Yuliana ni watani wa ukoo wa Mndewa tangu enzi za mababu, na mtani haalikwi, hujileta. Yeye ndiye mkubwa wa wanawake wa ukoo wake mwenyewe, kwa hiyo neno lake lilikuwa neno.

Halafu hakuna aliyeanza kusalimu.

Siku hizo shikamoo haikuwa ya umri tu. Ilikuwa ya mdogo kwa mkubwa, ya mtumwa kwa bwana. Akida alingoja apewe shikamoo yake, kwa kuwa ndiye mwana wa diwani. Mndewa naye alingoja, kwa kuwa Akida ni mgeni na ardhi ina wenyewe. Wakatazamana. Kuku alipita kati yao, akarudi, akapita tena.

"Mtani," Bi Yuliana alimwambia Mndewa, "tumekuja kuposa au kuota mizizi?"

"Nyamaza, mla mboga za mapadri."

"Na wewe Akida, mbona umekaa juu hivyo? Miguu yako haigusi chini. Ukianguka nani atakuokota?"

"Wenye enzi hukaa juu, mama."

"Wenye ardhi hukaa karibu nayo," alisema Mndewa. "Anayening'inia ni nani kati yetu?"

Nyuma ya pazia la mlango Hatibu aliona ncha ya kidole cha Shamsia imeshika kitambaa.

"Sikia, Mndewa," Akida alisema. "Kijana wako ni mwana wa mtumwa. Nimekuita kwa heshima tu, ili usiseme nimekudharau."

"Na mimi nimekuja kwa heshima tu. Kijana wangu ni mwana wa ukoo. Binti yako ndiye hana kwao. Mama yake ni nani?"

"Mama yake haulizwi. Mtoto ni wangu. Damu yangu imemfanya mungwana, na hapo ndipo mwisho wa maneno."

Basi wakati huohuo mama huyo asiyeulizwa akatokea na sinia la kahawa. Hidaya alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, ambaye kwa miaka ishirini aliamka kabla ya jua, akasimama mlangoni pa chumba cha Akida na kusema, "Shikamoo, bwana." Akida humjibu bila kufungua macho. Hakuwa amempiga hata siku moja, na kwa hilo alijihesabu mtu mwema.

Mndewa aliinua mkono.

"Mama, samahani. Wewe ni wa nani?"

Hidaya aliweka sinia chini taratibu, akanyooka.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza, baba."

"Mimi nakuuliza."

"Sijui ukoo wetu. Nilichukuliwa ningali na meno ya utoto. Hidaya ni jina nililopewa siku nilipotolewa zawadi kwa baba yake bwana. Kabla ya hapo..." Alisita. "Kabla ya hapo mama alikuwa ananiita Chanda. Alikuwa anapaza sauti kutoka mtoni, Chanda, Chanda, mpaka niitike. Ni hilo tu nililobaki nalo."

Akida alikuwa anamtazama kama mtu aliyeingia nyumbani mwake akakuta chumba asichokijua. Miaka ishirini, na jina la mkewe analisikia leo, tena mbele ya wageni.

Shamsia alitoka nyuma ya pazia. Mwanamwali kutoka mbele ya wanaume ilikuwa aibu, lakini alitoka, akasimama kando ya mama yake.

"Kumbe una jina, mama?"

"Ninalo, mwanangu."

Mndewa alimgeukia Akida. "Mwanamke huyu ni huru?"

"Amenizalia. Anakula ninachokula."

"Sikuuliza anakula nini. Ni huru?"

Akida alishika mikono ya kiti. "Kwa sheria yetu, nikifa anakuwa huru."

"Kwa hiyo mama angoje ufe?" Shamsia alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Baba, kila siku unaniambia mimi mungwana. Mungwana gani ambaye mama yake anangoja mtu afe?"

Sitaki kumsingizia Akida. Alikuwa na kiburi, lakini alimpenda binti yake kuliko kilemba chake. Aliinama, kisha akasema kwa sauti ambayo barazani hapo haikuwahi kusikika:

"Hidaya... Chanda. Kuanzia sasa wewe ni huru, mbele ya Mungu na mbele ya hawa. Kesho nitakuandikia hati."

Chanda hakulia wala hakushukuru. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Mndewa Kibwana ndiye aliyelia. Wazee wa milimani ni wagumu wa maneno lakini wepesi wa huruma. Alisimama, akafungua kifuko cha unga wa tambiko anaotembea nao, akampaka Chanda kwenye paji la uso.

"Mtu mzima hawezi kukaa hana kwao. Mimi Mndewa Kibwana nimekuchukua. Ukoo wangu ni ukoo wako, mashamba yangu ni yako, makaburi yetu ni yako. Kuanzia leo wewe ni dada yangu wa tumbo moja!"

"Vigelegele!" alipaza Bi Yuliana, akaanza kupiga mwenyewe.

Halafu akanyamaza katikati. Alikuwa anamtazama Hatibu, ambaye uso wake ulikuwa umekuwa kama majivu.

"Mjomba," Hatibu alisema polepole. "Mama yangu ni dada yako."

"Naam."

"Na huyu sasa ni dada yako."

"Naam!"

"Basi ni mama yangu mdogo. Na Shamsia ni nani kwangu?"

Mndewa alifungua mdomo, akaufunga. Ukoo mmoja hawaoani. Afadhali mtu ale nyama ya mbwa kuliko kuoa mtoto wa mama yake mdogo. Kwa kidole kimoja cha unga, mzee alikuwa amewafanya wachumba kuwa ndugu.

"Futa!" Shamsia alilia. "Mzee, ufute unga!"

"Neno la mndewa halifutiki, mwanangu," mzee alisema. "Nikilifuta hili, lipi langu litaaminiwa tena? Mungu wangu, nimefanya nini?"

Hatibu alikaa chini kwenye sakafu. Akida alianza kucheka kwa uchungu. "Nimetoa mke, nimetoa kiburi, na harusi imekufa hapohapo mikononi mwenu. Hongereni."

"Kelele," alisema Bi Yuliana.

Aliweka kikapu chini, akatembea mpaka kwa Chanda, akamshika mkono.

"Mtani wangu Kibwana, mwaka jana kwenye msiba wa kwetu ulitoka na jogoo wangu chini ya kwapa. Nilikudai?"

"Hukunidai. Mtani hadaiwi."

"Mtani akichukua cha mtani wake, kinarudishwa?"

"Hakirudishwi." Mzee alianza kuinua uso.

"Basi wewe neno lako hulifuti, libaki. Dada yako mzuri, nampenda, na mimi nimemwiba. Nimemwiba mchana kweupe! Sasa ni wa kwetu kina Yuliana, na kwetu na kwenu tunaoana tangu zamani!"

Akaloweka upindo wa kanga yake kwenye maji ya kunawia, akauinua kumfuta Chanda unga usoni. Chanda akaudaka mkono wake.

"Ngojeni."

Wote wakangoja.

"Niliibwa mara moja, sikuulizwa. Nikatolewa zawadi, sikuulizwa. Baba huyu amenichukua kwa wema, naye hakuniuliza. Leo niulizeni."

Bi Yuliana, na unene wake wote, alipiga magoti.

"Chanda, unakubali niwe dada yako? Kwetu kuna migomba, kuna shamba la mtoni la marehemu mama yangu halina mtu, na kabichi utazichoka."

"Sijawahi kula kabichi."

"Utajifunza."

Chanda alicheka. Shamsia hakuwahi kumsikia mama yake akicheka kwa sauti.

"Nakubali. Lakini siibwi. Nitakwenda kwa miguu yangu."

Bi Yuliana akafuta ule unga. Hakuwa na wa kwake, akatia mkono kwenye kifuko cha Mndewa bila kuomba, akapaka upya.

"Na unga nimekuibia vilevile," alimwambia.

"Mwizi wa misheni!" Mndewa alisema huku anajifuta macho.

Akabaki Akida peke yake juu ya kiti. Walimgeukia wote.

"Mmemaliza ya kwenu," alisema. Sauti haikuwa na nguvu tena. "Yangu bado. Kijana bado ni mwana wa mtumwa. Kufu iko wapi?"

Shamsia alimsogelea, akapiga magoti penye ubao wa miguu, palepale alipokuwa anaficha barua.

"Baba, yeye baba yake alikuwa mtumwa. Mimi mama yangu alikuwa mtumwa mpaka saa hii, kahawa haijapoa. Unataka tulingane vipi zaidi ya hapo?"

Akida Stambuli aliteremka kwenye kiti chake, taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, akampa Hatibu mkono wa kumwinua sakafuni.

"Binamu wa Bagamoyo nitamwandikia mimi," alisema. "Na wewe, kiti kinalegea upande wa kushoto. Kabla ya harusi ukitengeneze."

Harusi ilifungwa baada ya wiki tatu. Kadhi alifungisha ndoa, Bi Yuliana akasali rozari yake pembeni, na mbele ya watu wote akamwibia bwana harusi kofia. Jioni hiyo Hatibu alimkuta Shamsia chumbani anacheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Umeoga. Siamini kama ni wewe."

"Nirudi karakana nikajipake vumbi?"

"Kaa hapa. Vumbi litakuja lenyewe."

Asubuhi iliyofuata Akida alilala amefumba macho, akingoja ile shikamoo ya miaka ishirini. Mlango ulifunguliwa.

"Sabalkheri, Stambuli."

Alifungua macho. Hiyo ndiyo salamu waungwana wanayopeana. Chanda alikuwa amesimama mlangoni na kifurushi kichwani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu."

Alilitamka neno hilo kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Na mimi je?" Akida aliuliza.

"Mimi sasa mwanamke huru, nina ndugu zangu. Ukinitaka, tuma mshenga."

Akida alikaa mjini siku kumi na moja. Kahawa ilimshinda, kiti kilimuuma mgongo. Siku ya kumi na mbili akamchukua Hatibu kuwa mshenga wake, wakaupanda mlima, naye akipumzika kila kona na kusingizia kamba za viatu. Walipofika, Bi Yuliana alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Alimwonyesha kigoda kifupi kuliko vyote alivyowahi kukalia. Akida akakaa, magoti yakamfika kidevuni.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba. Una shida gani?"

"Nimekuja kuposa."

"Kumposa nani?"

"Chanda."

"Wewe ni wa nani?"

Hatibu aliona midomo ya mkwewe inatengeneza neno diwani, neno alilozaliwa nalo. Halikutoka. Akida alitazama bondeni, ambako mwanamke mwembamba alikuwa anapandisha na ndoo ya maji kutoka mtoni.

"Mimi ni baba yake Shamsia," alisema. "Kingine sina."

Bi Yuliana alimsogezea kisu na mkungu wa ndizi.

"Basi anza kumenya," alimwambia. "Akifika tutamuuliza mwenyewe."